Hizo Medali Si Zenu

Jumamosi ya Agosti 10, 2024, tulikuwa tumejazana kwenye kinyozi kimoja hapa Jericho, watu kama ishirini kwa viti sita. Emmanuel Wanyonyi, kijana wa miaka 20, alimshinda Mkanada Marco Arop kwenye fainali ya mita 800 kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu. Baadaye usiku huo Faith Kipyegon akachukua dhahabu yake ya tatu mfululizo ya mita 1500, na hata wasee wa pool table wakaacha mchezo wakaja mbio. Siku mbili tu kabla ya hapo, Nane Nane, baadhi yetu tulikuwa tao tukikimbizwa kwa vitoa machozi. Sasa tulikuwa tunaimba wimbo wa taifa, mkono kifuani, sauti zimekauka. Sikuona aibu. Kuipenda nchi na kuwapenda wanaoiendesha ni vitu viwili tofauti.

Kisha simu zikaanza kulia. Pongezi za viongozi, moja baada ya nyingine, kila bango lina picha ya kiongozi kubwa kuliko ya mwanariadha.

Kulikuwa na mzee mmoja kwenye benchi la mlangoni, aliyetufundisha ngumi tukiwa watoto. Hakushangilia sana. Alingoja kelele zitulie, akauliza, "Na wetu wako wapi?"

Mtu akamjibu, "Si hao, Kocha. Wanyonyi ni wetu."

"Nauliza wa ngumi."

Hakuna aliyejibu. Kenya haikuwa na bondia hata mmoja Paris.

Hilo swali limenikaa kooni tangu siku hiyo, na nimefikia jibu ambalo najua halitawafurahisha wengi. Hesabu yetu ya medali haipimi kazi ya serikali. Tunapoangalia jedwali la Olimpiki na kusema "Kenya imefanya vizuri" au "Kenya imeshuka", tunaisoma karatasi ya mtihani ya mtu mwingine na kumpa alama asiyeufanya.

Tuanze na karatasi yenyewe. Paris tulipata medali 11: dhahabu 4, fedha 2, shaba 5. Tulikuwa wa 17 duniani na wa kwanza Afrika. Beatrice Chebet peke yake alileta dhahabu mbili, mita 5000 na mita 10,000. Mitandaoni watu waligawanyika pande mbili kama kawaida. Upande mmoja: dhahabu nne tu, na Rio 2016 zilikuwa sita? Aibu! Upande wa pili: wa kwanza Afrika, mnataka nini tena? Hata Afrika Kusini na pesa zake tumeiacha nyuma.

Wote wanakubaliana jambo moja bila kujua: kwamba medali 11 ni matokeo ya nchi. Lakini zote 11 zilitoka kwenye riadha, na zote zilitoka mita 800 kwenda juu. Rudi nyuma hadi mwanzo kabisa, hadi shaba ya Wilson Kiprugut mjini Tokyo mwaka 1964, na utakuta hadithi hiyo hiyo. Kenya ina zaidi ya medali 120 za Olimpiki. Saba ni za ngumi. Zilizobaki zote ni za riadha. Hakuna mchezo wa tatu. Miaka sitini, michezo miwili, na mmoja wao umekufa.

Sasa jiulize hao wakimbiaji wanalelewa na nani. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa hiyo haikuwekwa kwenye bajeti na waziri yeyote. Shule ya St. Patrick's ilimpata Brother Colm O'Connell mwaka 1976, mwalimu kutoka Ireland, akaigeuza kuwa kiwanda cha mabingwa. Kuna mameneja kutoka Ulaya wenye kambi zao. Kuna kampuni za viatu zenye mikataba. Kuna mbio za barabarani za Boston, Berlin na Chicago zinazolipa kiasi ambacho ushindi mmoja unaweza kubadilisha ukoo. Kuna wakimbiaji wa zamani wanaowalisha chipukizi kwa pesa zao. Serikali nayo ina mchango wake, sitaki kudanganya: polisi, jeshi na magereza wameajiri wanariadha wengi, na mshahara wa kila mwezi ni kitu kikubwa kwa mtu anayejifunza kukimbia. Lakini ondoa wizara ya michezo kesho asubuhi na Iten itaendelea kutoa mabingwa. Kuna soko linalowasubiri.

Julius Yego alipotaka kurusha mkuki hakukuta soko wala kambi. Alijifunza kwa kutazama video za YouTube, akaenda kushinda fedha Rio. Tunaipenda hiyo hadithi, tunaisimulia kama kichekesho kizuri. Mimi naisikia kama mashtaka. Mtoto alijifundisha kwa bando zake mwenyewe, taifa likaja kupiga picha.

Kwa hiyo ukitaka kuijua serikali, usiangalie mchezo wenye soko. Angalia mchezo usio na mtu mwingine wa kuulipia. Angalia ngumi, na uje Eastlands.

Wengi wa rika langu hawajui kwamba zamani ngumi ilikuwa mchezo wa kuleta medali bila kukosa. Mexico 1968, Philip Waruinge alipata shaba na bado akapewa Kombe la Val Barker, linalopewa bondia mwenye ufundi bora wa mashindano yote. Munich 1972 akarudi na fedha, na wenzake Samuel Mbugua na Dick Murunga wakaongeza shaba mbili. Mwaka 1976 na 1980 tuligomea, na katika miaka hiyo ya mgomo Stephen Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa, Belgrade 1978. Los Angeles 1984, Ibrahim Bilali, shaba. Seoul 1988, Chris Sande, shaba, na Robert Wangila, kijana wa Nairobi, akamwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili na kuchukua dhahabu. Mpaka leo ndiyo dhahabu pekee ya Kenya nje ya riadha.

Hesabu vizuri. Kuanzia 1968 hadi 1988 tulihudhuria Olimpiki nne, na hakuna hata moja tuliyorudi bila medali ya ngumi. Tangu hapo tumehudhuria tisa. Medali za ngumi: sufuri.

Je, damu ilibadilika? Watoto wa mtaa waliacha kupigana? Maze, njoo Jumamosi jioni uone. Kilichobadilika ni kwamba zamani kulikuwa na ngazi. Halmashauri ya jiji ilikuwa na kumbi za mitaa, Kaloleni, Kariokor, Pumwani, na ndani yake mtoto angepata mwalimu na kamba ya kuruka. Juu ya ukumbi kulikuwa na ligi. Juu ya ligi kulikuwa na klabu za jeshi, polisi, magereza, reli na makampuni makubwa, ambako bondia alipewa kazi kwa sababu ya ngumi zake. Ukipigana vizuri Jumamosi, Jumatatu una kazi. Miaka ya tisini ilipokuja na kufuta watu kazi na mashirika kukaza mkanda, klabu za kampuni zilikuwa za kwanza kukatwa. Halmashauri ikaachia kumbi zizeeke. Ngazi ikabaki na vidato vya juu tu, vile vya sare, na huku chini watoto wanaruka wakijaribu kuvifikia.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao watoto. Nilianza nikiwa na miaka 11. Tulikuwa karibu thelathini na jozi mbili za glavu. Unangoja mwenzako amalize, unavaa zikiwa zimelowa jasho lake, na zikikauka zinanuka hadi nyumbani mama anakuuliza umeshika nini. Begi la ngumi lilikuwa gunia lililojazwa nguo kuukuu na mchanga, na mchanga ulikuwa unashuka chini, kwa hivyo ukipiga juu unapiga hewa na ukipiga chini unavunja kidole. Ukumbi ukikodishwa kwa ibada au kamati ya harusi, tulitoka nje kwenye changarawe. Stima ikikatika, kocha alishika simu juu kama mshumaa.

Katika hao thelathini kulikuwa na mmoja aliyekuwa bora kuliko sisi wote, wa mkono wa kushoto, mwembamba, mtulivu. Alikuwa ananipiga nikijua ngumi inatokea wapi, na bado inanipata. Alipofika miaka 19 aliitwa kwenye majaribio nje ya Nairobi. Alitakiwa awe na cheti cha daktari, kinga ya meno, na nauli. Cheti tulichanga. Kinga ya meno tulichanga. Nauli aliambiwa na ofisi fulani asiwe na wasiwasi, itatumwa. Akakaa na simu siku mbili. Majaribio yakaanza na kuisha. Nauli haikuja, na hakuna aliyepiga simu hata kusema pole. Nauli yenyewe haikufika elfu mbili.

Siku hizi anafungua beli za mitumba Gikomba. Ana watoto wawili. Hana uchungu kama mimi, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Nikimuuliza anasema tu, "Buda, haikuwa yangu." Ilikuwa yake. Ilikuwa ya nani kama si yake?

Sasa tuongee pesa, maana najua kuna mtu keshaanza kuandika "serikali haina pesa".

Mwaka 2018 serikali iliunda Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Chanzo chake ni kodi za kamari na bahati nasibu. Mwaka 2023 ushuru wa kubeti ukapandishwa kutoka asilimia 7.5 hadi 12.5 ya kila dau. Tembea Umoja, Kayole, Dandora au Kariobangi wikendi yoyote na uone nani anaweka hizo dau. Ni sisi. Ni vijana wasio na kazi wenye mkeka wa mechi kumi na mbili na finje ya mwisho. Rafiki yangu wa Gikomba anabeti kila Jumamosi. Yaani yule aliyekosa nauli ya kwenda majaribio sasa ni mmoja wa wafadhili wa michezo nchini. Anachangia kila wiki bila kukosa, tena anachangia akipoteza. Na kwenye ukumbi alikofundishwa bado kuna jozi mbili za glavu.

Jina la mfuko lina neno michezo mbele, lakini kanuni zinaruhusu pesa hizo ziende pia kwenye sanaa na maendeleo ya jamii, afya ikiwemo. Siwezi kupinga hospitali. Ninachosema ni kwamba ukichukua pesa ya mtoto wa mtaa kwa jina la michezo, una deni la kumwonyesha ilienda wapi, kwa shilingi, mchezo kwa mchezo, wadi kwa wadi.

Na pesa huwa zinapatikana kamera zikiwaka. Mwaka 2022, tulipokaribia kufungiwa na Shirikisho la Riadha Duniani kwa sababu ya dawa za kusisimua misuli, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5. Ilikuwa sawa, nakubali. Baada ya Paris, mshindi wa dhahabu alipewa shilingi milioni 3 kwa kila medali. Sawa pia, walitoa jasho lao. Agosti 2025, kwenye CHAN, kila mchezaji wa Harambee Stars aliahidiwa milioni moja kwa kila mechi ya kundi watakayoshinda, na mtaa mzima tulipiga vuvuzela. Uwanja wa Talanta ulianza kujengwa upande wa Barabara ya Ngong, viti 60,000, kwa ajili ya AFCON 2027. Kila kimoja kati ya hivi kina sababu yake. Viweke pamoja uone tabia: pesa inakuja hatari ikishabisha hodi au ushindi ukishapatikana. Mtu akiwa bado hajashinda, hana jina na yuko chini, hakuna kitu. Tunamlipa mkulima baada ya mavuno, kisha tunashangaa kwa nini waliokosa mbegu hawakuvuna.

Na hata pesa inapotoka kabla ya mashindano, mnajua ilivyokuwa Rio. Wanariadha walikosa sare zao wakati maboksi ya sare hizo yalikuja kupatikana kwenye nyumba za watu. Septemba 2021 mahakama ya kupambana na ufisadi iliwapata na hatia aliyekuwa waziri wa michezo na aliyekuwa mkuu wa msafara huo, wakapigwa faini. Miaka mitano baada ya mashindano. Bondia hawezi kungoja miaka mitano. Miaka mitano kwake ni maisha yote ya ulingoni.

Kuna hoja nyingine ambayo naiheshimu kidogo, kwa sababu inasemwa na watu wenye akili. Wanasema: nchi maskini lazima ichague. Weka pesa kwenye kinachofanya kazi. Kimbizeni wakimbiaji, achaneni na ngumi, judo na kuogelea. Wanatoa mfano wa Uingereza, iliyopata dhahabu moja tu Atlanta 1996, ikaanza kumimina pesa za bahati nasibu ya taifa kwenye michezo yenye nafasi ya medali, na mwaka 2012 ikavuna dhahabu 29 kwao nyumbani.

Mfano mzuri, lakini usomeni mpaka mwisho. Kwanza, Uingereza ilichukua pesa za kamari na ikazipeleka kweli kwa wanamichezo, kabla ya ushindi, kila mwezi, ili waache kazi nyingine na wafanye mazoezi. Sisi tunachukua kamari bila hiyo sehemu ya pili. Pili, mwaka 2014 shirika lao la michezo liliikatia pesa mpira wa kikapu, mchezo wa vijana wa mijini, kwa sababu haukuwa na matumaini ya medali. Kwa hesabu ya medali uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kwa mtoto wa flati za London ulikuwa mlango uliofungwa. Hiyo ndiyo njia mnayotuambia tuifuate, na milango yetu ilifungwa zamani.

Tena hoja yenyewe inajikanyaga. Kama kigezo ni "kinachofanya kazi", ngumi ilifanya kazi Olimpiki nne mfululizo. Haikuacha kufanya kazi kwanza ndipo ikakosa pesa. Ilikosa ngazi, ndipo ikakosa medali. Na hata katika ukame huu bado watu wanachomoza: Elizabeth Andiego alikuwa bondia wa kwanza mwanamke wa Kenya kwenye Olimpiki, London 2012, na Christine Ongare akaleta shaba ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018. Nikiwaona hao najiuliza wako wangapi ambao walikuwa na mkono kama wao, na wakakosa nauli.

Hapo ndipo nataka tubadilishe kipimo. Baada ya Los Angeles 2028 watakuja tena na jedwali, na tutaanza tena, tumepanda, tumeshuka, tumeshinda Ethiopia. Mimi nitauliza maswali mengine. Je, orodha ya matumizi ya ule mfuko imewekwa wazi hadharani, au bado tunabembeleza? Je, kumbi za mitaa zina mwalimu anayelipwa na kaunti, na saa ambazo hazikodishwi kwa mtu yeyote? Je, chipukizi aliyeitwa kwenye majaribio ya taifa anapewa nauli na chakula kama haki, au anaambiwa asubiri simu? Je, kuna posho ya kila mwezi kwa mtu anayejiandaa, hata ndogo, badala ya mamilioni kwa yule ambaye tayari ameshinda? Maswali haya hayahitaji uwanja wa viti 60,000. Mengine hayahitaji hata milioni moja.

Kama majibu ni ndiyo na tukarudi na medali mbili tu, nitasema Kenya imefanya vizuri. Kama majibu ni hapana na tukarudi na ishirini, nitawashangilia Kipyegon na wenzake hadi sauti ikauke tena, kwa sababu ni dada na kaka zetu na walijituma. Lakini wewe unayebandika picha yako kando ya zao, hizo medali si zako. Ni zao, na za mama zao, na za walimu wao, na za hewa ya Iten.

Jumanne iliyopita nilipita ukumbini jioni. Kocha bado yupo, goti limemharibikia, anafundisha akiwa ameketi kwenye kreti ya soda. Kulikuwa na msichana wa miaka 13 hivi, wa mkono wa kushoto. Nilimtazama dakika kumi na nywele za mkono zikanisimama, maana miguu ile niliiona mara moja tu maishani. Alikuwa anapiga begi kwa mkono mmoja. Nilidhani ni mtindo wa mazoezi. Kocha akaniambia hapana, glavu ya kulia ilichanika wiki jana, inangoja kushonwa.

"Fundi anataka pesa ngapi?" nikamuuliza.

"Mia mbili."

Nilitoa. Na wewe ukisoma hapa utataka kutoa, najua, na utanitumia ujumbe kuuliza namba. Asante, lakini sikuandika haya ili tuchange. Tulishachanga. Tunachanga kila Jumamosi, asilimia baada ya asilimia. Nataka kujua hizo zetu ziko wapi.